Kamera Mpya ya Kikosi: Pima Hatua Kabla ya Kuuliza Bei

Tangu siku zake za kwanza chuoni, askari hufundishwa kwamba silaha huchaguliwa kwa kazi inayokusudiwa, wala si kwa urefu wa mtutu wake. Ajabu ni kwamba sisi tuliofundishwa hivyo, tunapokabidhiwa fedha za kununua kamera ya kikosi, hulisahau somo hilo mlangoni mwa duka. Tunaitazama namba kubwa iliyoandikwa juu ya sanduku, tunauliza, "Hii inavuta mbali kiasi gani?", na muuzaji mwenye kutaja namba kubwa kuliko wenzake ndiye anayebaki na fedha zetu. Mimi ni mmoja wa waliokwisha kununua kamera kwa njia hiyo. Makala haya nayaandika ili askari na polisi wenzangu watakaotumwa dukani kesho wasilirudie kosa langu.

Kwa muda mrefu ofisi yetu ilikuwa na kamera moja ndogo, ya kutosha mfuko wa shati la kazi, iliyonunuliwa mwaka 2006. Picha zake zilikuwa za megapikseli saba, na lenzi yake ilivuta mara nne tu. Ilitumia betri nne ndogo, zile zile zinazotiwa katika redio na tochi, ambazo hazikosekani hata katika kituo kidogo cha biashara mpakani. Juu ya kioo cha nyuma palikuwa na kitundu cha kuchungulia, kilichomwezesha mpiga picha kumwona anayempiga hata pale jua la saa sita lilipokuwa limekipofusha kioo. Kwa kamera hiyo tulipiga picha za magwaride, za kufuzu kwa makuruti, za ujenzi wa madaraja na za mazishi ya wenzetu.

Walakini hakuna chombo kisichochakaa. Lenzi ilianza kukwama njiani kama droo iliyovimba kwa unyevu. Saa ya ndani ikafa, hata ikawa kila betri zinapobadilishwa tarehe inarudi Januari mosi, 2005, siku ambayo baadhi ya makuruti wetu walikuwa hawajazaliwa. Kadi zake nazo zikawa adimu. Kamera hiyo ilikuwa ya kizazi cha kadi za SD zisizozidi gigabaiti 2, kabla ya kuenea kwa kadi za SDHC zilizotangazwa mwaka 2006, zenye gigabaiti 4 hadi 32. Kadi hizo mpya zikitiwa ndani yake hazisomeki. Mkuu wa kikosi alipopelekewa taarifa hizo, aliidhinisha inunuliwe kamera nyingine ndogo ya kushika nafasi yake.

Jioni ya nishani

Nikanunua kamera yenye kuvuta mara thelathini. Sikuijaribu penginepo ila nje ya duka, saa tano asubuhi, jua likiwaka. Nililivuta bango lililokuwa ng'ambo ya barabara hadi herufi zake ndogo kabisa zikasomeka, nikaridhika, nikalipa.

Majuma matatu baadaye palikuwa na gwaride la kuwaaga askari waliomaliza utumishi wao. Miongoni mwao alikuwamo sajini mmoja aliyelitumikia jeshi kwa zaidi ya miaka thelathini, mtu mpole asiyependa kujitokeza, ambaye hakuwa na picha yake hata moja akiwa katika sare za gwaride. Mgeni wa heshima alichelewa. Zamu ya sajini ilipofika ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, na kila aishiye karibu na ikweta anajua jinsi giza linavyoshuka hapa kwetu bila ya kubisha hodi. Nikiwa mahali pa wapiga picha, nilimvuta hadi uso wake na mkono wa mgeni vikajaa kwenye kioo, nikabonyeza. Kamera ilinionyesha alama nyekundu ya mkono unaotetemeka, maana yake mwanga hautoshi. Nikabonyeza tena, na tena. Punde nishani ilikuwa imekwisha kubandikwa, saluti imekwisha kupigwa, na sajini amekwisha kugeuka.

Siku ya pili alikuja ofisini, amevaa kiraia. Nilimwonyesha picha tano nilizokuwa nimepiga. Zote zilikuwa na ukungu, mkono ukionekana kama mikono mitatu, na uso kama uso ulioko nyuma ya kioo kilicholowa mvua. Alizitazama kwa utulivu, moja baada ya nyingine, kisha akasema:

"Afande, huyu anayepewa mkono na mgeni ni nani?"

Sikuwa na jibu. Makosa mengi ya ofisini hurekebishika. Barua huandikwa upya, hesabu hurudiwa. Lakini gwaride la kumwaga askari halifanywi mara mbili kwa sababu mpiga picha alichagua vibaya.

Baada ya aibu hiyo nilirudi uwanjani peke yangu, nikahesabu hatua kutoka mahali pa wapiga picha hadi pale aliposimama sajini. Zilikuwa hatua ishirini na tano, hatua za gwaride za inchi thelathini, yaani takriban mita 19. Kwa umbali huo sikuhitaji hata theluthi moja ya nguvu za kuvuta nilizozinunua. Nilichohitaji ni mwanga, nami nilikuwa nimeuuza mwanga ili ninunue umbali.

Maana ya "mara"

Yafaa kwanza ieleweke namba hiyo ya "mara" ina maana gani. Ni uwiano kati ya urefu mkubwa kabisa na urefu mdogo kabisa wa lenzi, urefu ambao kwa desturi hutajwa kwa kulinganisha na kamera za filamu ya milimita 35. Lenzi inayoanza milimita 35 na kuishia 140 huitwa ya mara nne. Ile inayoanza 24 na kuishia 96 nayo ni ya mara nne. Namba ni moja, lakini macho ni mbalimbali: ya kwanza inafika mbali zaidi, na ya pili inaweza kuingiza safu nzima ya askari katika chumba kidogo. Kwa hiyo mnunuzi asiulize "mara ngapi" kabla hajauliza lenzi inaanzia wapi na kuishia wapi.

Tena, uwezo wa kuvuta kwa kutumia kamera ndogo ya mfukoni si wa tangu zamani. Kamera ya Pentax Zoom 70, iliyotoka mwaka 1986, ndiyo iliyofungua mlango huo, nayo ililenga milimita 35 hadi 70, yaani mara mbili tu. Watu wa wakati huo waliiona ajabu, wakapiga kwayo picha nzuri za harusi na za watoto wao. Kilichowasaidia ni kwamba walisogea kwa miguu pale lenzi ilipokoma.

Ipo hesabu nyepesi ambayo kila koplo anaweza kuifanya kwa penseli. Chukua 24, ugawanye kwa urefu wa lenzi, kisha uzidishe kwa umbali kwa mita. Jibu ni kimo cha eneo litakaloingia katika picha iliyolazwa. Kwa lenzi ya milimita 200 na umbali wa mita 19, jibu ni takriban mita 2.3. Mtu mwenye kimo cha mita 1.8, akisimama hapo, anajaza zaidi ya robo tatu ya kimo cha picha, kuanzia kofia hadi buti. Hiyo ndiyo picha aliyostahili sajini wangu, na lenzi ya milimita 24 hadi 200 ni ya kuvuta mara nane tu.

Kadhalika, msomaji ajihadhari na kile kinachoitwa kuvuta kwa kidijitali. Hapo lenzi haifanyi kazi yoyote. Kamera hukata kipande cha katikati ya picha na kukitanua. Jambo hilo unaweza kulifanya mwenyewe baadaye juu ya kompyuta bila ya kulilipia hata senti.

Bei ya umbali ni mwanga

Kwa nini basi kamera yenye kuvuta sana inashindwa jioni? Sababu ziko tatu, nazo husaidiana katika kuharibu.

Ya kwanza ni tundu la lenzi. Tundu hupimwa kwa namba ya f, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo. Tundu la f/5.6 hupitisha robo tu ya mwanga unaopitishwa na tundu la f/2.8. Lenzi nyingi ndogo huanza na tundu la kuridhisha, lakini zinapovutwa hadi mwisho hubana kama jicho la mtu anayetazama juani.

Ya pili ni kihisi, yaani kile kigae kinachopokea mwanga mahali ambapo zamani filamu ilipita. Kamera nyingi za kuvuta mbali hutumia kihisi cha daraja la 1/2.3, ambacho kina upana wa milimita 6.2 na kimo cha milimita 4.6 hivi. Ni kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Kihisi cha daraja linaloitwa inchi moja kina milimita 13.2 kwa 8.8. Jina lake lina udanganyifu kidogo, kwa maana hakifiki inchi moja, lakini eneo lake ni mara nne ya kile cha kwanza. Kama vile pipa lenye mdomo mpana linavyokusanya mvua nyingi kuliko chupa, ndivyo kihisi kikubwa kinavyokusanya mwanga mwingi katika muda ule ule.

Ya tatu ni mtetemo. Kanuni ya wapiga picha wa zamani husema kwamba mwenye kushika kamera mkononi asiiache ifunguke kwa muda mrefu kuliko sekunde moja gawanya kwa urefu wa lenzi. Kwa milimita 600 yatakiwa 1/600 ya sekunde. Jioni ile kamera yangu, kwa kukosa mwanga, ilifunguka kwa 1/15. Ni kweli kwamba kamera za siku hizi zina kituliza mtetemo, nacho husaidia sana. Lakini kituliza mtetemo hutuliza mkono wa mpiga picha. Hakiwezi kuutuliza mkono wa mgeni anayebandika nishani.

Wengine watauliza kuhusu flashi. Flashi ya kamera ndogo, kwa kawaida, humulika vyema mita tatu au nne, na lenzi ikivutwa uwezo huo hupungua. Kwa hatua ishirini na tano ni sawa na kumulika mlima kwa kiberiti.

Kamera tatu, kazi tatu

Sikusudii kufanya biashara ya mtu yeyote, ila mifano mitatu inayojulikana itamsaidia msomaji kuona jinsi watengenezaji wenyewe walivyogawanya kazi. Canon PowerShot SX740 HS, iliyotoka mwaka 2018, ina lenzi ya milimita 24 hadi 960, yaani mara arobaini, yenye tundu la f/3.3 linalobana hadi f/6.9, na kihisi cha daraja la 1/2.3. Panasonic Lumix TZ200, ya mwaka huo huo, ina milimita 24 hadi 360, yaani mara kumi na tano, tundu la f/3.3 hadi f/6.4, na kihisi cha inchi moja. Sony RX100 VII, ya mwaka 2019, ina milimita 24 hadi 200, tundu la f/2.8 hadi f/4.5, na kihisi cha inchi moja. Zote hutoa picha za takriban megapikseli 20, na zote huingia mfukoni.

Anayelinda ziwa au mpaka, ambaye hupiga picha mchana kweupe na hana ruhusa ya kukisogelea kile anachokiona, ataipenda ya kwanza. Kwa milimita 960 mtu aliye umbali wa mita 75 hujaza picha. Lakini na yeye akumbuke kwamba saa saba mchana joto linapopanda kutoka ardhini, hewa hucheza kama maji, na hakuna lenzi inayoweza kuinyoosha. Kazi hiyo ifanywe asubuhi. Ofisa habari au mpelelezi anayefanya kazi ndani ya majumba, chini ya mahema na wakati wa jioni, atapata faida zaidi kwa ile ya tatu. Ya pili ni ya mtu ambaye kazi zake zimechanganyika. Hakuna iliyo mbaya miongoni mwa hizo. Ubaya huanza pale ya kazi moja inaponunuliwa kwa kazi nyingine, kama nilivyofanya mimi.

Tena atazame kama kipo kitundu cha kuchungulia. Miongoni mwa hizo tatu, ya kwanza haina. Nyingine mbili zinacho. Katika uwanja usio na kivuli kama ule wa Kololo, jua likiwa utosini, mwenye kioo peke yake hupiga kwa kubahatisha. Isitoshe, anayeibana kamera usoni na kuweka viwiko vifuani hutetemeka kidogo kuliko anayeinyoosha mbele yake kama sinia. Askari hahitaji kufundishwa jambo hilo upya: pumua, zuia pumzi, bonyeza taratibu kama unavyobana kichokoo.

Kuhusu megapikseli, msomaji asihangaike. Picha ya kujaza karatasi ya A4 kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji takriban megapikseli 8.7 tu. Kamera yetu ya zamani, kwa saba zake, ilikuwa karibu kabisa na kiwango hicho, na picha zake gazetini hazikumtia mtu aibu.

Picha inapokuwa shahidi

Ndugu zetu polisi wana haja nyingine iliyo nzito zaidi. Picha ya askari wa gwaride ikiharibika, mtu huhuzunika. Picha ya mahali pa tukio ikiharibika, asiye na hatia aweza kufungwa, au mhalifu akaenda nyumbani. Hivyo kamera ya mpelelezi lazima iwe na uwezo wa kukaribia, ili alama ndogo ya kiatu au ya chombo ionekane wazi, na kando ya alama hiyo iwekwe rula ili ukubwa wake usibishaniwe.

Taratibu njema ni kupiga kwanza kwa mbali, ili mahali pajulikane. Kisha kwa umbali wa kati, ili uhusiano wa vitu uonekane. Halafu kwa karibu. Alama inayopimwa isipigwe lenzi ikiwa imefunguliwa kabisa kwa upana, kwa sababu hapo vitu vya kandoni hupinda. Ivutwe kidogo, na kamera iwe sambamba na sakafu au ukuta. Kama flashi yatumika, mwanga utoke upande, si mbele, ili mashimo ya alama yapate kivuli.

Kabla ya kutoka kituoni, mpiga picha aitazame saa ya kamera. Ndani ya kila picha ya kidijitali huandikwa tarehe na dakika iliyopigwa. Lile kosa la kamera yetu ya zamani, la kurudi Januari mosi kila betri zinapobadilishwa, kwetu lilikuwa la kuchekesha; mbele ya mahakama lingekuwa balaa. Picha zisifutwe, hata zile zilizoharibika, kwa kuwa pengo katika mfuatano wa namba huzaa maswali. Picha ya asili ihifadhiwe kama ilivyotoka katika kamera, na marekebisho yote yafanywe juu ya nakala.

Kwa nini isiwe simu?

Hapana shaka kwamba wako watakaosema: simu zinatosha, za nini kamera? Simu za siku hizi hupiga picha nzuri sana, na kwa karibu nyingine huzishinda kamera ndogo. Lakini simu ni mtu mwenye marafiki wengi. Inapiga picha, na hapo hapo inaandika mahali ilipo, na inangoja kwa hamu kumweleza ulimwengu mzima.

Mwaka 2012 Jeshi la Marekani lilitoa onyo kwa askari wake, likieleza jambo lililotokea Iraki mwaka 2007. Helikopta mpya za aina ya Apache zilikuwa zimewasili kambini, na baadhi ya askari wakazipiga picha na kuziweka katika intaneti. Ndani ya picha hizo mlikuwa na namba za mahali zilipopigwa. Adui alizisoma, akapiga kambi kwa makombora, na helikopta nne zikateketezwa. Mwezi Desemba mwaka huo wa 2012, tajiri John McAfee, aliyekuwa amejificha, alijulikana kuwa yuko Guatemala kwa sababu ya picha moja ya simu iliyochapishwa na mahali pake ndani yake.

Kamera ndogo isiyo na mawasiliano haina ulimi wa namna hiyo. Hata hivyo mnunuzi asilale. Baadhi ya kamera ndogo, kama vile Lumix TZ10 ya mwaka 2010, zilitengenezwa na kipokezi cha GPS ndani, na nyingi za baadaye zinaweza kuunganishwa na simu zikapokea mahali kutoka huko. Vifungo hivyo vizimwe siku ile ile inaponunuliwa, na aandikwe mtu mmoja mwenye jukumu la kuhakikisha vimebaki hivyo. Picha haitoki kambini kabla haijapitiwa na mwenye mamlaka; kamera mpya haibadili amri hiyo.

Betri, vumbi na mitumba

Katika vituo vya mbali, kamera hufa kwa njaa ya umeme kabla ya kufa kwa uzee. Kamera ndogo nyingi za siku hizi hazitumii tena betri za dukani bali betri maalumu ya kuchajiwa. Basi zinunuliwe mbili au tatu pamoja na kamera, wala si baadaye, kwa sababu baadaye fedha hazipatikani. Kamera inayochajiwa kwa waya wa USB ina faida kubwa, kwa maana huweza kulishwa na gari au kwa umeme wa jua. Sheria ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba 2024, imezitaka kamera za kidijitali zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina ya USB-C, hivyo mifano mipya inakuja nalo.

Adui wa pili ni vumbi. Lenzi ya kuvuta hutoka na kuingia, na kila inapofanya hivyo huvuta hewa kama bomba la baiskeli. Vumbi likiishafika juu ya kihisi halifutiki kwa kitambaa. Huonekana kama madoa meusi angani katika kila picha. Kwa hiyo kamera isifunguliwe bure nyuma ya lori, na ikae ndani ya mfuko wake hadi wakati wa kazi.

Upo ukweli mwingine ambao mnunuzi hana budi kuukabili. Kwa hesabu za chama cha watengenezaji kamera cha Japani, CIPA, kamera za kidijitali zilizopelekwa sokoni duniani mwaka 2010 zilikuwa takriban milioni 121. Mwaka 2020 hazikufika milioni 9. Simu ndizo zilizolimeza soko hilo. Casio, mmoja wa waliolianzisha, aliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Kwa sababu hiyo mara nyingi kitakachopatikana ni kamera iliyokwisha kutumika.

Mtumba si haramu, ila ukaguliwe kama gari la mtumba. Vuta lenzi mbele na nyuma mara kumi, ukisikiliza kama inakwaruza. Piga picha ya anga tupu, uitazame kama ina madoa. Toa betri, uangalie kama imevimba. Ikae nje robo saa, kisha uirudishe na uone kama saa ya kamera imekumbuka tarehe. Mwisho, omba ruhusa ya kupiga picha ya mtu aliye ndani ya duka, mbali na mlango, lenzi ikiwa imevutwa kwa kadiri ya kazi yako, mtu huyo akitembea. Jaribio hilo moja lingaliniokoa.

Usiache mbachao

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Baada ya jioni ile niliitoa kamera ya zamani katika bohari ilikokuwa ikingoja kufutwa katika orodha ya mali. Fundi aliisafisha lenzi yake, nami nikajifunza kuiandikia tarehe upya kila nilipobadilisha betri. Ikatufanyia kazi kwa miezi kadhaa, tukisogea kwa miguu kama walivyosogea watu wa mwaka 1986, hadi tulipopata kibali cha kununua kamera ya tatu. Safari hiyo nilikwenda dukani nikiwa na kijitabu ambamo nilikuwa nimeandika mambo manne: umbali kwa hatua katika uwanja, katika ukumbi na katika chumba cha mikutano, saa ambazo sherehe zetu huanza na saa ambazo kwa kweli huisha, aina ya umeme tulio nao, na ukubwa wa picha ambao magazeti hutuomba. Muuzaji alipoanza kutaja mara ngapi inavuta, nilimwomba anionyeshe kwanza namba ya tundu.

Ile ya mara thelathini hatukuitupa. Ilipelekwa kwa wenzetu wanaoangalia mbali wakati wa mchana, nao wanaisifu hadi leo.

Nilimfuata sajini kijijini kwake na kamera hiyo mpya. Mzee yule alivaa koti lake jeusi, akaibandika nishani mwenyewe, akasimama wima mbele ya nyumba yake, jua likielekea kuzama. Picha ilitoka safi. Waweza kuhesabu nywele nyeupe za nyusi zake. Nilipompelekea aliishika kwa mikono miwili, akanishukuru sana, akaitundika ukutani juu ya redio. Kisha akaniuliza, bila ya kinyongo chochote, kama zile tano za uwanjani bado ninazo, kwa sababu ndani yake ulikuwamo mkono wa mgeni.

Nilimchapia moja. Imetundikwa kando ya ile nyingine, na ukungu wake wote.